Nguo Zilizoanikwa Hewani

Sindano aligundua kosa lake akiwa na kikombe cha chai mkononi, na kwa muda alikitazama kikombe badala ya skrini, maana kikombe hakikuwa na baya la kumwambia. Jina hilo la Sindano alipachikwa na shangazi yake tangu utotoni, nusu kwa ajili ya wembamba, nusu kwa ajili ya ulimi. Sasa alikuwa mtu mzima, mwandishi wa programu wa karakana ya familia, karakana ya kufuma vitambaa, na siku hiyo ulimi wenyewe ulikuwa umemkauka.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi, Baba Mdogo, ambaye ndiye mwenye karakana na mwenye kelele zake zote, alipanda ngazi na oda ya mapazia ya hoteli. Mama wa hoteli ameupenda mchoro wa mawimbi, akasema, ila hataki makuu. Anataka rangi mbili tu, maziwa na chai. Basi Sindano akakaa mezani pake, kule juu, dirishani. Michoro yote ya karakana ilikaa ndani ya seva, kisanduku kilichokuwa kikinguruma chini ya ngazi, na kila mchoro ulipangwa mstari kwa mstari: mstari huu nyuzi zipi ziinuke, rangi ipi ipite. Akaandika amri kwamba rangi zigeuke maziwa na chai. Alichosahau ni kitu kidogo, kutaja ni katika mchoro gani. Na seva haina ule utu wa kuuliza, una hakika, mwanangu? Iligeuza kila kitu. Maua, ndege, mablanketi ya watoto, sare za shule za mtaa mzima, vyote vikawa maziwa na chai.

Hayo yote yangerudishika. Kila mwisho wa mwezi Sindano hutoa nakala ya akiba na kuifungia kabatini, na hakuna mawimbi wala ua lisilokuwemo humo. Isipokuwa mchoro mmoja. Mchoro wa Shangazi ulizaliwa na kukamilika ndani ya mwezi huu huu, na ulikuwa ndani ya seva peke yake.

Hapo ndipo alipokitazama kikombe.

Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyechora vitambaa vyote vya karakana ile tangu enzi za kuchora kwa penseli. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Daktari wa macho alisema, kwa sauti ile ya upole inayowatia watu hofu, kwamba kabla ya mwaka kwisha yatakuwa yamekwenda. "Yanafunga duka," Shangazi mwenyewe alisema, na akacheka, kisha akaomba aletewe skrini kubwa kuliko zote. Akaikuza picha mpaka kila kijimraba cha rangi kikawa kama sahani, akawa anachora huku pua imekaribia kioo, chumba kile kile cha juu, nyuma ya meza ya Sindano. Rangi alizijua kwa namba za vibiringo vya nyuzi, kama mtu anavyowajua wajukuu. Kila Sindano alipogeuka kuchungulia, aliambiwa ageukie kazi yake. "Mtakiona kikitoka. Ni cha mwisho, niacheni nikifanye kwa raha zangu."

Sindano hakuwa mtu wa kusema maneno matamu. Alimpenda shangazi yake kiasi cha kuumia, na upendo huo wote alikuwa ameuweka kwenye jambo moja: kitambaa kile kitoke mapema, Shangazi akione angali ana jicho la kukionea. Sasa alikuwa amekiua kwa amri isiyofika hata upana wa kiganja.

Akaanza kuhangaika. Akatoa nakala kabatini, akaanza kurudisha michoro mingine, lakini seva ilikuwa nzito kama mtu aliyeshiba ugonjwa. Sauti ya Baba Mdogo ikapanda ngazi kabla yake.

"We Sindano! Hii kitu yako imeganda. Mama wa hoteli anakuja mchana, nitamwonyesha nini, sura yangu?"

"Subiri, Baba Mdogo."

"Nisubiri nini? Nazima, nawasha. Dawa yake naijua."

Kwa Baba Mdogo hakuna kitu duniani kisichopona kwa kuzimwa na kuwashwa. Redio, pampu ya maji, gari, na nadhani angeweza hata mkewe. Sindano alikuwa anasoma malalamiko ya seva. Seva ilikuwa inasema tumbo limejaa. Ilikuwa imebeba mistari mipya, na mistari ya zamani ilishindwa kuitupa, kwa kuwa kuna mtu alikuwa bado anaisoma.

Anaisoma nani?

Hapa inabidi nieleze kidogo, na mwenye kujua anivumilie. Mtambo wa kufuma haubebi mchoro wote kwa mpigo. Unaomba mstari mmoja, unaufuma, unaomba mwingine. Kule kwenye seva, programu aliyoiandika Sindano inafungua kitu ambacho wenzake wa kazi hukiita kwa Kiingereza 'cursor'. Yeye, kwa ajili ya watu wa karakana, alikiita kidole. Ni kidole kinachowekwa juu ya mstari wa kwanza, kikawa kinashuka mmoja mmoja kila kinapoombwa. Kina tabia zake. Hakirudi nyuma. Hakisomi kwa niaba ya mwingine, ila yule aliyekifungua. Na kinauona mchoro kama ulivyokuwa siku kilipowekwa pale. Ubadilishe, ufute, uchome moto, chenyewe hakina habari, kinaendelea kusoma ya jana kana kwamba leo haijafika. Mpaka kifungwe.

Na Sindano, Mungu ambariki kwa uvivu wake, hakuwahi kuandika sehemu ya kukifunga mtambo unapopumzishwa. Siku zote alisema ataandika wiki ijayo.

Jana yake alasiri, Fundi wa mtambo alikuwa ameanza kukifuma kitambaa cha Shangazi. Alifuma kiasi cha mkono mmoja, uzi wa bluu ukaisha, akaenda kutafuta mwingine mjini, akaacha mtambo umesimama. Kidole kilikuwa bado kimelala pale kilipoachwa. Kilikuwa bado kinauona mchoro mzima, rangi zake zote, kana kwamba hakuna lililotokea.

Sindano alisikia viatu vya Baba Mdogo vinateremka kuelekea chini ya ngazi.

Hajui alivyoshuka. Anakumbuka tu kwamba kikombe alikutwa nacho mkononi hata huko chini, na chai yote imo kwenye sketi, na kwamba Baba Mdogo alikuwa ameinama, mkono kwenye swichi.

"Usiguse," alisema.

Hakupaza sauti, na nadhani ndiyo sababu Baba Mdogo alinyanyua mkono taratibu kama mtu aliyeona nyoka. "Kuna nini?"

Akamweleza, pale pale, amechuchumaa, harufu ya vumbi la moto ikitoka kwenye kisanduku. Amri aliyoikosea. Nakala isiyokuwemo. Kidole. Baba Mdogo alisikiliza mdomo wazi, na Sindano alipofika kwa Shangazi, mzee uso ulimbadilika, akawa si mwenye karakana tena, akawa mdogo wa mtu.

"Dada anajua?"

"Hajui."

"Sasa si ukinakili hicho kidole chako uweke pembeni?"

"Hakinakiliki. Ni cha mtambo, mtambo ndio unaokiomba. Nikiigusa programu nibadilishe chochote, inazimika, na kidole kinafungwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tufume. Kila mstari utakaopita, ukiingia kwenye uzi tumeuokoa. Usipoingia, basi. Hauji tena."

Baba Mdogo alitazama taa ya kisanduku, iliyokuwa inapepesa kwa manjano. "Na tumbo likijaa kabisa?"

"Seva itaanguka yenyewe. Itafunga kila kitu."

Akajishika kiuno. Alikuwa na oda, alikuwa na mama wa hoteli njiani, alikuwa na kila sababu ya kupiga kelele. "Nenda kamwambie Fundi," alisema. "Mimi nitakaa hapa. Atakayeikaribia hii swichi nitamkata mkono, hata kama ni mimi."

Fundi aliambiwa tu afume upesi, naye hakuuliza kwa nini. Alikuwa mzee mpole, vidole vimekolea mafuta, aliyeongea na mtambo wake zaidi ya alivyoongea na watu. Alifunga uzi wa bluu aliotoka nao mjini, akapuliza vumbi, akabonyeza. Mtambo ukaguna, ukaomba mstari. Huko chini ya ngazi kidole kikashuka mmoja. Mstari ukaja, bluu, kama jana. Sindano akakaa juu ya furushi la nyuzi.

Chumba cha mtambo kilikuwa kirefu, na jua la mchana liliingilia madirisha ya juu kwa mshazari. Nyuzinyuzi za pamba zilielea ndani ya mwanga, hazipandi wala hazishuki. Mtambo ulikuwa na mdundo wake, wa kuinua, kupitisha, kugonga, na ukiusikiliza sana mwili wako unaanza kupumua nao. Mbingu ilikuwa inatoka. Si mbingu ya bluu ya picha za watoto. Ilikuwa ya rangi iliyochoka kidogo, kama shuka lililofuliwa mara nyingi, na hapa na pale uzi wa waridi umepita usionekane mpaka ugeuze kichwa. Halafu mapaa ya mabati yakaanza, ukingo kwanza. Sindano aliyatambua. Ndiyo mapaa aliyoyaona kila siku akiinua macho kutoka kwenye kazi yake. Shangazi alikuwa amechora dirisha la chumba cha juu.

Akasinzia bila kufumba macho. Alijiona amekaa mezani pake huku mapaa yanaongezeka mbele yake mstari kwa mstari, na kila alipotaka kutazama mstari uliopita, haukuwepo, kulikuwa na ule unaokuja tu, na hilo halikumtisha, lilimpumzisha. Sauti ya fimbo ndiyo iliyomrudisha. Shangazi alikuwa anaingia, anagonga sakafu mbele yake, kanga ya kichwa imekaa upande.

"Nimesikia chuma kinaongea," alisema. "Nikasema nisiitwe ndiyo nisije?"

"Shikamoo, Shangazi. Kaa hapa."

"Marahaba. Umejimwagia chai."

"Umejuaje?"

"Unanukia tangawizi mpaka mlangoni, mwanangu."

Sindano akampisha furushi, yeye akasimama. Hakumwambia kitu. Alijiambia atamwambia kitambaa kikiisha, kikiwa salama, wakiwa wanacheka. Shangazi aliweka mikono juu ya fimbo, kichwa kimeinama, midomo ikichezacheza kidogo, kama anasali au anahesabu.

Basi uzi ukakatika. Ni jambo la kila siku. Na Fundi alifanya anachofanya kila siku, anachofanya kila mfumaji wa mitambo ile tangu aanze kazi: akaunga uzi, kisha akaupigisha mtambo pigo moja tupu, bila uzi kupita, ili ule ulioungwa ukae sawa. Pigo tupu nalo huomba mstari. Mstari ulikuja, haukukuta uzi, ukapita zake.

"Umeniibia mmoja," alisema Shangazi.

Fundi akacheka. "Mama huyu ana masikio! Naurudisha sasa hivi." Na mkono ukaenda kwenye kitufe cha kurudi, kama ulivyokwenda maelfu ya mara. Kitufe hicho kinarudisha kwa ujanja tu. Kinakifunga kidole, kinakifungua upya juu kabisa, na kukishusha mpaka mahali pake. Kikifunguliwa leo, kingeiona leo, maziwa na chai mpaka chini.

Sindano aliurukia mkono ule, akaushika kwa mikono yake miwili. Kilikuwa kishindo kidogo, karibu waangukiane. Fundi alimtazama kama mtu aliyechapwa na mtoto wake mwenyewe.

"Samahani, Fundi. Usirudi nyuma. Tafadhali. Hakuna nyuma."

Mtambo ulikuwa umesimama, na katika kimya kile hakukuwa na pa kujificha. Sindano akasema yote, safari hii akimtazama Shangazi, ambaye alikuwa ameelekeza uso dirishani. Alisema ni yeye. Alisema alisahau kutaja mchoro. Sauti ilimkatika alipofika kwenye nakala, akaendelea hivyo hivyo, imekatika. "Nimekiharibu, Shangazi. Kilichobaki ni hiki kinachopita, na kinapita mara moja."

Shangazi akageuza uso kutoka dirishani. Kisha akauliza, "Huo uliopotea ni wa ngapi kutoka kwenye mapaa?"

Fundi akainama, akahesabu kwa ukucha, akamwambia.

"Basi ni kamba," alisema Shangazi. "Kamba ya nguo. Niliichora kwa uzi mmoja tu, nyembamba, inakatiza kutoka paa hili mpaka lile." Mabega yakaanza kumtikisika, na Sindano alidhani analia mpaka aliposikia kicheko. "Jamani, nguo za yule mama jirani. Zitaning'inia wapi sasa?"

"Hewani," alisema Fundi kwa unyonge.

"Hewani. Afadhali. Kamba yenyewe ilikuwa imeoza. Haya, fumeni, msiniangalie."

Wakafuma. Nguo zikatoka, na kweli hazikuwa zimeshikwa na chochote. Shati la mikono mirefu. Shuka. Kisuruali cha mtoto, mguu mmoja umepinda kwa upepo. Zilining'inia juu ya mtaa bila kamba, tulivu kabisa, kana kwamba zimeamua. Fundi alitikisa kichwa. Sindano alizitazama, na kwa muda alisahau seva, alisahau chai, alitamani tu kukaa mahali ambapo nguo zinaweza kufanya hivyo.

Ndipo giza likaanza.

Lilianza katikati, chini ya nguo, doa la uzi mweusi upana wa kidole gumba. Mstari uliofuata likawa pana zaidi. Kushoto na kulia mtaa uliendelea, kuta, mlango wa duka, lakini vilikuwa vinafifia, rangi zinaingiliana, kama kitu unachokiona ukiwa na machozi. Katikati weusi ulipanuka. Sindano alielewa mara moja, au alidhani ameelewa. Shangazi alikuwa amechora macho yake yanavyoondoka. Amechora mtaa unavyomponyoka na kile kinachokuja badala yake. Na yeye, Sindano, alikuwa amepigana siku nzima ili mama huyu afike hapo na kukikuta kimefumwa, cheusi, cha kushikika.

Baba Mdogo akachungulia mlangoni. Alinong'ona, jambo ambalo ndugu zake hawakuwa na kumbukumbu nalo. "Taa imekuwa nyekundu. Na mama wa hoteli yuko ofisini, anakunywa soda yake ya pili." Akasogea, akakitazama kitambaa. Akaziona nguo. "Loo. Hiki ni kizuri." Kisha akauona weusi, akamtazama Sindano, na nadhani alifikiri alichofikiri yeye. Akamvuta kando. "Kata hapa. Chini ya nguo. Pana mwisho mzuri kabisa. Tuifunge hiyo kitu, seva ipone, Dada apate kitambaa chake chenye mtaa na mbingu. Hiyo ya chini ya nini?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Mkasi ulikuwa pale juu ya benchi. Sindano angeweza kusema seva imeanguka, na angekuwa amesema jambo lililokuwa linakaribia kuwa kweli. Alimtazama shangazi yake, aliyekaa kwenye furushi, midomo ikichezacheza. Alitaka sana kumwepushia. Lakini mama huyu alikuwa amekaa na pua kwenye kioo mwezi mzima akiweka kila kijimraba cheusi mahali pake, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyemlazimisha. Haikuwa haki ya Sindano kumchagulia pa kuishia.

"Tuendelee," alisema.

"Sindano."

"Ni chake, Baba Mdogo. Acha kitoke chote."

Baba Mdogo akapumua kwa nguvu, akarudi kwenye zamu yake chini ya ngazi.

Weusi ukashuka. Haukuwa mweusi mtupu, ukiangalia vizuri. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za kahawia, na uzi wa dhahabu upande ule jua lilikotokea. Ulipanuka, ukaacha kupanuka, ukaanza kurudi ndani taratibu. Halafu pembeni, kushoto, kikatokeza kitu cha rangi ya ngozi. Kulia kikatokeza kingine. Sindano alikodoa. Kadiri mtaa ulivyozidi kupotea huku na huku, hiki cha katikati kilizidi kuwa wazi, kila unywele umepewa uzi wake.

Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua. Alisimama na kibiringo mkononi, akaangalia kitambaa, akamwangalia Sindano aliyekuwa ameinamia mtambo mbele yake, akaangalia kitambaa tena.

"Hiki kisogo nakijua," alisema.

Kilikuwa kisogo cha Sindano mwenyewe, masikio yamejitokeza huku na huku. Nywele zimefungwa ovyo, penseli imechomekwa. Shingo nyembamba, mfupa umejitokeza pale inapoinama. Kisha bega moja limepanda kuliko lingine, kama anavyokaa akiwa kazini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa amekaa mbele ya dirisha, ameupa mtaa uso na Shangazi mgongo. Siku zote hizo alidhani Shangazi yuko nyuma yake anatazama nje, anajishibisha mapaa kabla hayajaisha. Mtaa ulikuwa umechorwa kwa kuwa ulikuwepo tu nyuma ya kichwa chake.

Mgongo wa kiti ukatoka, kisha ukingo wa meza. Mtambo ukaomba mstari mwingine, ukajibiwa hakuna. Ukasimama wenyewe.

"Kimeisha?" aliuliza Shangazi.

"Kimeisha."

Fundi alikikata kwa mkasi wake mkubwa, bila haraka. Sindano alikibeba mikononi, bado kina joto la chuma, akakitandaza kwenye meza ya kukagulia, mlangoni, pale mwanga unapoingia wote. Upande wa pili wa meza palikuwa na aproni ya Fundi iliyotupwa. Akamleta Shangazi kwa mkono, kama mtoto anayepeleka matokeo ya mtihani.

"Tazama sasa. Mwanga ni mzuri. Inama kidogo."

Shangazi aliinama. Alikaza macho, akatazama kwa makini, akasogeza uso huku na huku kama anavyofanya akikagua kazi. "Kimetoka vizuri sana," alisema. "Kimetoka kama nilivyotaka."

Alikuwa ameiinamia aproni.

Sindano alitazama uso ule ulioinama juu ya madoa ya mafuta, ukitabasamu kwa ajili yake. Fundi aligeukia mtambo wake, akajishughulisha na kitambaa cha kufutia.

"Shangazi," alisema Sindano. "Tangu lini?"

Mkono wa Shangazi uliipapasa meza, ukakuta mshono wa mfuko wa aproni, ukaujua ni nini. "Si muda. Nilipomaliza tu. Utadhani yalikuwa yananisubiri nimalize." Akajiinua. "Mwanga naujua, kama mlango umefunguliwa. Mengine yamekwenda."

"Mbona hukusema? Mimi nilikuwa nakimbia. Siku zote hizi nakimbia ili ukione." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Nimekuchelewesha. Nilitaka ukione, nilitaka kitu hicho kimoja tu."

"Nikione cha nini?" Shangazi alimtafuta kwa mkono, akampata begani, lile bega linalopanda. "Nimekukalia nyuma tangu uko shule unafanya hesabu. Mimi nilishaona, mwanangu. Nilitaka uone wewe."

Kutoka chini ya ngazi Baba Mdogo aliita, kwa upole wa kujilazimisha, akiuliza kama sasa inaruhusiwa kuzima. Sindano alimjibu azime. Wakasikia mngurumo wa seva unashuka, unashuka, unakatika, na karakana nzima ikawa kimya, mama wa hoteli akasikika ofisini anaweka chupa mezani.

"Haya," alisema Shangazi, "acha kunilowesha. Wewe una macho, niambie ukweli. Nimekosea wapi?"

Sindano alijifuta kwa mkono, akakigeukia kitambaa. Alikitazama chote tangu juu, mbingu, nguo, mpaka kwake mwenyewe.

"Masikio," alisema. "Umeyazidisha."

"Hapo," alisema Shangazi, "sikuzidisha hata kidogo."